Mfumo wa hospitali ni wa nani?

Leo naacha msimbo kidogo nizungumzie watu. Mfumo wa tarakilishi ukikwama hospitalini, maswali huwa: mlitumia lugha gani? Seva ni ya aina gani? Hayo ni madogo. Swali kubwa ni nani aliuagiza, nani analipa, na nani atashinda akichapa.

Chukua mfano wa hapa nyumbani. Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa rekodi ulioundwa kwa Microsoft Access, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani. Watafiti walipima muda kabla na baada. Muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Habari njema, sivyo? Lakini muda aliokaa na mhudumu anayemtibu ulipungua kwa asilimia 58. Msimamizi anayetaka foleni fupi ataona ushindi. Mgonjwa aliyetembea mbali ili asikilizwe huenda asiuone.

Mwaka 2004 ukaanza mradi wa programu huria wa OpenMRS, na 2006 mpango wa AMPATH kule Eldoret ukahamia huko. Fedha nyingi za miaka hiyo zilikuja kwa ajili ya Ukimwi, hasa kupitia PEPFAR iliyoanzishwa 2003. Basi rekodi za VVU ziliingia kwenye tarakilishi mapema katika vituo vingi, ilhali za kisukari na shinikizo la damu zilibaki kwenye faili za karatasi. Mfadhili anahitaji ripoti, na hiyo ni haki yake. Ila Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake mingi ya nje, tulikumbushwa kwamba anayelipia seva ndiye mwenye swichi.

Nami nimeyaona kwa macho yangu katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mhasibu alitaka risiti itangulie kila kitu, hata maabara isione ombi la kipimo kabla ya malipo. Madaktari walitaka historia ya mgonjwa. Makarani wa rekodi walinyamaza. Walijua stoo ya faili ikifungwa, wataulizwa kazi yao ni ipi. Wauguzi, ambao wangechapa kuliko wote, hawakualikwa. Niliomba waitwe, nikajibiwa kwamba wana kazi wodini.

Sehemu ya malipo ilifanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza. Wodini, wauguzi waliendelea kuandika daftarini, kisha mmoja wao akachapa usiku zamu ikitulia. Dawa iliyotolewa saa nne asubuhi ilionekana kwenye skrini saa sita usiku. Katikati hapo, daktari anayeiamini skrini angeweza kuagiza dozi ya pili. Wakubwa wakasema wauguzi ni wagumu kubadilika. Wagumu vipi, na walikuwa na wagonjwa wa kuhudumia na tarakilishi moja kwa wodi nzima?

Ndugu msomaji, ukiitwa kuunda mfumo kama huo, usianze na jedwali la hifadhidata. Andika majina ya wote watakaougusa, na kando ya kila jina andika atakachopata na atakachopoteza. Asiyepata chochote ndiye atakayeuacha kwanza. Na mgonjwa muweke juu ya orodha, kwa sababu mkutanoni hatakuwepo.