Kijana wa Chuo Kikuu Naye Afunguliwe Kinywa

Wazazi wenzangu, kijana akifika chuo kikuu twadhani amekwisha kujua kusema mbele za watu. Sivyo. Mimi ni karani wa parokia, tena nilisomea ualimu. Wakati wa likizo vijana wetu huja kwangu kuomba meza ya kusomea. Kwa kitabu ni hodari, lakini wengi wakiombwa maoni yao huinamisha kichwa.

Sababu yaonekana. Hapa Gehandu mtoto huanza na Kiiraqw cha nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo humdai Kiingereza. Tena tumemzoeza kunyamaza wakubwa wasemapo. Huko chuoni sehemu ya alama hutolewa kwa kusimama na kueleza mada. Anayenyamaza hupungukiwa, ingawa anajua.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi wa Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi wachache tu, wote wa sheria. Watu wachache huweza kusikilizana. Siku hizi ukumbi mmoja huweza kujaa mamia. Basi dawa ni kuwagawa katika makundi madogo.

Nasi twafanya hivi. Vijana watano huketi pamoja. Kila mmoja huandika mawazo yake kwanza, kwa maana mwenye karatasi mkononi hatetemeki sana. Mwenye haya ndiye huanza, asije akamezwa na wasemaji. Anayetaka kupinga hurudia kwanza maneno ya mwenzake, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Hujadiliana kwa Kiswahili hata maana ikae sawa, ndipo mmoja husimama na kuieleza kwa Kiingereza kwa dakika kumi. Makosa ya lugha husahihishwa mwisho, asikatizwe.

Wengine huogopa kwamba kijana atakuwa mjeuri. Likizo iliyopita binti mmoja anayesomea kilimo alikuwa akieleza kundini jinsi mvua inavyochukua udongo wa miteremko yetu. Mzee mmoja aliyefuata cheti cha ubatizo alimwuliza swali kutoka mlangoni. Binti akajibu, akampinga kwa adabu, na kumtolea sababu. Mzee akavuta kiti akaketi kusikiliza.

Basi, mzazi, kijana wako akija nyumbani, mwulize jioni: "Wewe waonaje?" Kisha ungoje jibu, hata likichelewa.