Uzio Kabla ya Maji



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii tumeazimia kuandika juu ya jambo ambalo kwa muda mrefu tuliona haya kulisema. Ni habari ya bwawa la kuogelea tulilolijenga uwani kwetu, na ya kosa tulilolifanya, kosa ambalo nusura litugharimu roho ya mjukuu wetu. Tunaliandika kwa sababu tunasikia kwamba familia kadhaa za Mombasa, Kilifi na Malindi zimo katika mipango ya kujenga mabwawa kama hilo majumbani mwao. Afadhali mtu ajifunze kwa jeraha la mwenzake kuliko kwa lake.

Jambo lenyewe lilianza siku ya pili ya Idi, miaka mitatu iliyopita. Tulikwenda pwani ya Bamburi na watoto na wajukuu, na mikeka yetu, na sufuria ya pilau. Wavulana walivua mashati wakajitosa majini. Mabinti walikaa mchangani na mabuibui yao, wakanyoosha miguu kidogo ili wimbi liwafikie vidoleni, wakabaki kuwatazama ndugu zao. Jioni, tukiwa njiani kurudi, binti yetu mkubwa alituuliza kwa adabu, "Baba, na sisi tutaogelea lini?" Tulimjibu, "Inshaallah, mwanangu," kwa ile sauti ambayo kila mtoto wa nyumba ya Kiislamu ameshajua kwamba maana yake ni hapana. Mwenyezi Mungu atusamehe kwa kulitumia jina Lake kufungia mlango.

Kaka yake, anayefanya kazi Doha, alipozipata habari hizo alileta rai. Yeye atatoa fedha, nasi tuchimbe bwawa dogo uwani, mahali penye sitara, ili dada zake na watoto waogelee bila ya kutazamwa. Tulikataa. Mtaani kwetu maji ya mfereji huja kwa zamu, na kuna majirani wanaonunua maji kwa mitungi ya lita 20. Tuliona ni israfu kujaza shimo kwa ajili ya mchezo, na wenzetu wakigawana maji ya kupikia.

Lakini swali la binti yetu halikututoka kifuani, tukarudi vitabuni. Tukaikuta tena hadithi aliyoipokea Imamu An-Nasai, inayoeleza kwamba mambo yasiyokuwa na utajo wa Mwenyezi Mungu ni mchezo na upuuzi isipokuwa manne, na katika hayo manne mna mtu kucheza na ahali yake, na mna kujifunza kuogelea. Hadithi hiyo tuliisoma tangu ujana wetu. Ila tuliisoma kana kwamba imeletwa kwa ajili ya wavulana peke yao.

Tukakumbuka pia tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipozama na watu zaidi ya 250 wakafariki. Tulikuwa vijana wakati huo, nasi tulikuwa miongoni mwa waliobeba majeneza. Tunaamini kwamba Muislamu aliyekufa maji ana daraja ya shahidi. Lakini daraja hiyo si ruhusa kwetu ya kuwaacha watoto wetu wazame. Sisi tulijifunza kuogelea kwa kujirusha baharini karibu na Bandari ya Kale tulipotoka chuoni. Mama yetu na dada zetu, waliozaliwa hatua chache kutoka bahari ile ile, hawakujua kuelea hata kwa muda wa kusoma Alhamdu.

Basi tukaridhia kwa masharti mawili: bwawa liwe dogo, na kheri yake ivuke kizingiti cha nyumba yetu.

Fundi alikuja na ramani ya bwawa la hoteli, refu na lenye kina cha mita mbili na zaidi. Tulimuuliza ni nani atakayeingia humo. Mdogo kuliko wote alikuwa mjukuu wetu wa miaka miwili, na mkubwa alikuwa mama watoto, aliyepita umri wa miaka 50 bila ya kuingia maji yaliyomvuka magoti. Bwawa likapimwa kwa ajili ya wawili hao. Urefu wake ni mita 8 na upana mita 4. Kina kinaanzia sentimita 60, kisha kinashuka polepole mpaka mita 1.2, kiasi ambacho mtu mzima akisimama maji humfika kifuani. Hakuna mahali ambapo sakafu inakatika ghafla, na hakuna ubao wa kujirushia. Ngazi ni pana, za kuteremka kwa utulivu, na zina chuma cha kushikilia. Kwa hesabu hiyo maji yake ni takriban lita 29,000, yaani safari tatu za lori la maji la lita 10,000. Na kwa kuwa mtambo huyachuja na kuyarudisha, hatuyamwagi kila mara, bali huongeza yale yanayopunguzwa na jua.

Sitara nayo tuliifikiria mapema. Upande wa mashariki jirani ana ghorofa mbili na madirisha yake yanatazama uwani kwetu. Hatukumtaka afunge madirisha yake. Tuliezeka makuti juu ya nguzo upande ule, tukapanda asumini ukutani, na mlango wa uwani ukawekwa komeo la ndani. Tukakumbushana kwamba shemeji si maharimu hata kama amelelewa nyumba moja, kwa hivyo zamu za wanawake zikatengwa na za wanaume. Yote hayo tuliyapanga vizuri, na tukajipongeza.

Kisha tukakosea. Fundi alituuliza kuhusu uzio wa kulizunguka bwawa lenyewe. Fedha zilikuwa zimepungua, tukamwambia, "Uzio tutauweka mwisho. Ukuta wa nyumba unatosha." Hatukufahamu kwamba ukuta wa nyumba humzuia mgeni aliye nje, na mtoto wa kuchungwa yumo ndani.

Masika yakaingia. Shimo lilikuwa limekwisha kusakafiwa, na mvua ya usiku mmoja ikalijaza maji ya tope kufikia goti la mtu mzima. Siku hiyo wakati wa alasiri tulikwenda uwani kutia udhu kwenye mfereji wa nje, kama ilivyokuwa ada yetu, tukatoka kwenda msikitini. Mlango wa jikoni tuliuacha wazi. Mkwe wetu alikuwa akikaanga viazi vya karai, amempa mtoto mgongo kwa muda mfupi tu. Hakusikia kelele, kwa sababu mtoto mdogo anapozama hapigi kelele. Hana pumzi ya kupigia. Kilichomshtua mama yake ni ukimya.

Tuliporudi tulikuta mlango wa mbele u wazi na viatu vya wanawake vimetupwa ovyo barazani. Mkwe wetu, asiyejua kuogelea, alikuwa ameshajitosa na kumtoa mtoto, midomo yake imegeuka rangi. Jirani mmoja alitaka kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke, kama tulivyowaona wazee wakifanya. Jirani mwingine, ambaye ni muuguzi na alikuwa nyumbani akipumzika baada ya zamu ya usiku, alimzuia. Alimlaza mtoto chali sakafuni, akamwinua kidevu, akaufunika mdomo na pua yake kwa mdomo wake, akampulizia pumzi mara tano. Alitueleza baadaye kwamba anayezama hukosa pumzi kwanza, hivyo pumzi ndiyo ya kupewa kwanza, kisha, ikiwa bado haonyeshi dalili ya uhai, kifua kikandamizwe, na kumning'iniza hupoteza wakati tu. Mtoto alitapika, akalia. Hatujawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Hospitalini walimlaza usiku mzima, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni huweza kuleta matatizo saa kadhaa baadaye.

Wageni walikuja kutupa pole. Kama ilivyo desturi yetu, wengine wakaanza kumsema mama: wanawake wa siku hizi hawatulii, macho yako kwenye simu. Mkwe wetu aliinamisha kichwa akanyamaza. Alijua ni nani aliyeuacha mlango wazi, na kwa heshima hakulitamka. Nasi pia tulinyamaza, siku ya kwanza na siku ya pili, tukiwa tumeketi barazani tunapokea pole, na kilemba kichwani. Siku ya tatu, baada ya Isha, tuliwakusanya watu wa nyumba na majirani waliokuwapo, tukasema, "Mlango ule tuliuacha sisi, na uzio ule tuliukataa sisi. Mama huyu ndiye aliyemtoa mtoto." Mkwe wetu alilia, na sisi tukalia. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga. Tumeihutubia hadithi hiyo mara nyingi, na vidole vyetu vikiwaelekea wengine.

Haya basi ndiyo tuliyojifunza, nasi tunayaweka mbele ya kila familia inayofikiria jambo hili.

Uzio uje kabla ya maji, na ikiwezekana kabla ya shimo. Ulizunguke bwawa pande zote nne, na ukuta wa nyumba wenye mlango usihesabiwe kuwa upande mmoja. Kimo chake kisipungue mita 1.2, nafasi baina ya nondo isifike sentimita 10, na pasiwe na vyuma vya kulala vinavyoweza kuwa ngazi ya mtoto. Lango lijifunge lenyewe, lifunguke kuelekea nje ya bwawa, na kitasa chake kiwe juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Kiti, ndoo au mtungi visiachwe karibu na uzio. Kwetu sisi uzio huo haukufika sehemu moja ya kumi ya gharama yote.

Matundu ya kunyonyea maji chini ya bwawa yawe mawili au zaidi, yenye vifuniko maalumu visivyovuta nywele wala kiungo. Tundu moja lenye nguvu za pampu huweza kumshika mtoto asiweze kunyanyuka, na mabinti wenye nywele ndefu wamo hatarini zaidi.

Wakati wa kuogelea awepo mtu mzima mmoja aliyekabidhiwa macho kwa jina lake. Watu kumi wakiwepo, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Kwetu huambiana, "Nimekukabidhi," naye hujibu, "Nimepokea." Aliyepokea hashiki simu. Na simu zote hubaki nje ya uzio, kwa usalama na kwa sitara pia, kwani picha moja ya mabinti zetu ikishatoka haina wa kuirudisha.

Mavazi ya kuogelea yasitiri, lakini yasiwe mapana. Dera likilowa huzonga miguu na kumvuta mtu chini. Suruali na vazi refu la kitambaa chepesi kisichonyonya maji ndivyo vinavyofaa.

Baadhi ya kina mama walituuliza kuhusu utwahara. Maji ya bwawa kama hili yanazidi qullatayn kwa mbali, kwani hizo wamezikadiria kuwa lita 200 na ushei, kwa hivyo hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi. Lakini utwahara wa kisharia na usafi wa kiafya ni ndugu wawili, si mtu mmoja. Klorini ipimwe iwe baina ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na kipimo cha pH kiwe baina ya 7.2 na 7.8. Na maji yasilale. Wazee wetu wa Lamu walitia visamaki katika birika za nyumba ili wale viluwiluwi vya mbu. Bwawa la klorini halina visamaki, basi pampu ndiyo badala yake.

Sharti letu la pili tumejitahidi kulitimiza. Kila Jumamosi asubuhi mabinti wa madrasa huja na mwalimu wao wa kike, wachache wachache, wakajifunza kuelea kwanza, kisha kupiga maji. Mkwe wetu alikuwa katika kundi la mwanzo. Mama watoto alichukua miezi minne kukubali kuiachia ngazi, na sasa hulala chali juu ya maji, akatutuma tuende zetu msikitini.

Mjukuu wetu ametimiza miaka minne. Juzi alilivuta lango la uzio kwa mikono yote miwili, likakataa kufunguka, akaja akitushitakia: "Babu, lango baya." Tulimbeba, tukamwambia avumilie mpaka mama yake amalize kazi. Kisha tukarudi kulijaribu lango wenyewe, kama tunavyofanya kila tunapotoka kwenda kuswali, na mlango wa jikoni vilevile.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, atusamehe tuliyoyafanya na tuliyoyanyamazia. Amin.

Wabillahi tawfiq.