Goma: si kila kichwa kinachouma ni malaria

Mama mmoja muuza makala wa Goma aliumwa kichwa wiki tatu. Alimeza dawa za malaria mara mbili, bure. Hakumwambia muuguzi kwamba tangu vita vya Januari 2025 ameacha dawa za SIDA: majirani walikuwa kwenye benchi, wanasikia. Na muuguzi naye hakumwita pembeni.

Shingo ilipokakamaa, hospitali ilimpima maji ya uti wa mgongo. Ni kuvu iitwayo kriptokoko. Mtu huivuta kwa pumzi, na kinga ikiwa chini hupita katika damu mpaka ubongoni. Kipimo cha damu kingeweza kuiona hata kabla kichwa hakijauma.

Sasa anameza flukonazoli. Makala anauza binti yake, saa za shule.