Mbio na Ngoma

Msomaji, mtu hujifunza mengi katika chuo cha ualimu, lakini hajifunzi yote. Mimi nilifundishwa namna ya kuandaa somo, kusahihisha daftari na kuwatuliza wanafunzi wenye ghasia. Sikufundishwa namna ya kukiri kosa mbele ya mtoto niliyemkosea. Somo hilo nilikuja kulipata nikiwa na umri wa miaka 36, katika siku moja ya mapumziko, asubuhi barabarani na alasiri uwanjani, huko Msambweni katika Kaunti ya Kwale.

Ilikuwa Ijumaa, Oktoba 20, 2023, Siku ya Mashujaa. Zamani siku hii iliitwa Siku ya Kenyatta, kwa ukumbusho wa Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, ikawakamata Jomo Kenyatta na wenzake. Katiba ya mwaka 2010 iliipanua, ikaifanya siku ya wote walioipigania nchi. Kwetu kusini mwa pwani kuna jina lisilosahaulika, la Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 hata akalazimika, mwaka 1896, kuvuka mpaka na kuingia katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Habari hizo nilikuwa nimekwisha kuwafundisha wanafunzi wangu, nikadhani kuwa orodha ya mashujaa nimeimaliza.

Katika darasa langu la kidato cha pili palikuwa na kijana mmoja wa Kimakonde, mrefu na mpole, ambaye kila Jumatatu alisinzia. Nilipouliza sababu, niliambiwa kuwa Jumapili usiku hufuatana na babu yake kupiga ngoma. Sikuuliza zaidi. Katika ripoti yake ya muhula niliandika kwa wino mwekundu: "Ngoma inampoteza." Kijana alisoma, akaikunja karatasi taratibu, akasema, "Ahsante, mwalimu."

Vijana wa mji walikuwa wameandaa mbio za kilomita 10 kwa ajili ya sikukuu: kilomita 5 kuelekea upande wa Gazi, kisha kugeuka na kurudi. Nami, kwa majivuno ambayo hata leo yananitia haya, niliwatangazia wanafunzi kuwa kila atakayenishinda nitamnunulia dafu.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ili tulikimbie jua, na ili watu wapate wasaa wa kujiandaa kwa sala ya Ijumaa. Minazi na mikorosho ilikuwa bado imetulia kando ya njia. Nilitoka kama mshale. Wanafunzi walishangilia, na kila waliponishangilia nikaongeza mwendo. Nilipogeuka nilikuwa miongoni mwa watu 20 wa kwanza, nikakutana uso kwa uso na wale niliowaacha nyuma. Yule kijana alikuwamo katikati yao, hana haraka, vidole vyake vikigongagonga paja. Nilimhurumia.

Huruma yangu haikufika mbali. Pwani si mahali pa kuchezea. Jasho huupoza mwili linapokauka, na hewa yetu imejaa unyevu wa bahari, kwa hiyo jasho hutiririka bila ya kukauka, na joto hubaki ndani kama moto wa makaa uliofunikwa majivu. Nilipofika kilomita ya 7 kichomi kilinishika ubavuni, na miguu ikawa mizito kama ya mtu anayetembea ndani ya maji. Wahenga walisema kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nilikuwa nikiifundisha methali hiyo kila mwaka, na siku ile nilikuwa mfano wake.

Watu walinipita mmoja mmoja, kisha makundi. Kijana alipofika aliupunguza mwendo, akawa sambamba nami.

"Mwalimu," alisema, "usiwafuate watu. Fuata mdundo. Hesabu moja mpaka nne, urudie."

Akaanza kugonga paja lake, nami nikahesabu. Pumzi zilinirudia kidogo. Tulikwenda hivyo mpaka tukaufikia mwembe mkubwa, nikamwambia, "Nenda, mwanangu, usinipotezee wakati wako." Aliondoka kwa mdundo ule ule. Nilifika nikiwa mtu wa 63, na madafu niliyonunua siku ile yalikuwa 14.

Alasiri, baada ya sala, mji mzima ulikusanyika uwanjani kusikiliza ngoma. Wadigo walitangulia na sengenya: nzumari ililia, upatu ukaitikia, chapuo na vumi zikaijaza hewa, hata akina mama wazee waliokuja kutazama tu wakajikuta wamesimama. Kisha wakaingia Wamakonde. Kando ya uwanja niliona moto mdogo wa makuti, na mzee mmoja akiziotesha ngoma zake ili ngozi zikaze. Kijana wangu alikuwa akimsaidia.

Zilipoanza kulia, nilimtazama kwa makini. Babu ndiye aliyecheza na mikono: alipaa, akashuka, akatania wachezaji, akanyamaza ghafula, akarudi. Kijana alikuwa na ngoma ndogo, na kazi yake ilikuwa moja: kushika mdundo usiobadilika. Hakuongeza wala hakupunguza. Lau angalitetereka, babu yake asingalipata pa kurudi, na wachezaji wangalivurugana. Kwa karibu saa nzima macho yake hayakuyumba. Nikajiuliza, ni lini darasani nimepata kumwona mwanafunzi mwenye makini ya namna hii?

Ngoma ilipopumzika nilimwendea mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Miguu imepona?"

Tulicheka, tukaketi. Akanieleza mambo niliyokuwa nikiyasikia juu juu tu. Wazee wake walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Yeye alizaliwa Ramisi, lakini kwa miaka mingi watu wake hawakuhesabiwa kuwa raia. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti ya benki, hanunui shamba kwa jina lake, na kazi ya maana huipata kwa shida. Oktoba 2016 Wamakonde walishika njia kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai haki yao. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaamuru wapewe vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Mzee huyu alikuwa mmoja wa waliotembea.

"Siku ya kwanza vijana walitaka kukimbia," alisema. "Nikawaambia, nendeni polepole, Nairobi haihami."

Alitoa kitambulisho chake kilichofungwa katika karatasi ya nailoni, akanionyesha. "Mama alinizaa mara moja," alisema, "na serikali ikanizaa tena nikiwa na mvi."

Hapo nilimwita kijana, na mbele ya babu yake nikasema, "Niliandika neno baya juu yako bila ya kuuliza. Nimekosa." Kijana aliinama kwa haya. Mzee hakuniachia niondoke na sifa bure. Alisema, "Lakini kusinzia darasani ni kosa pia. Kuanzia sasa Jumapili atarudi nyumbani mapema."

Jumatatu ile nilikata maneno yangu ya wino mwekundu, nikaandika kando yake: "Ana subira. Mwalimu alichelewa kuiona." Si kwamba kijana hakusinzia tena kamwe, alisinzia mara mbili tatu, nami nikamwamsha kwa kugonga dawati, moja mpaka nne.

Msomaji, mwaka uliofuata, 2024, sherehe za taifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika Kwale, na watu walijaa uwanjani kuwaona wakubwa wa nchi. Ni vyema kuwaona. Lakini siku hiyo itakapokuja tena, mtazame pia aliyeketi karibu nawe, umwulize ametembea wapi.