Kisu ni Kisu

Saa nane usiku, Makongeni, Thika. Jirani amezima redio, mbwa peke yao ndio wako macho. Niko kitandani, laptopu iko juu ya mto, na ninawaeleza Wamarekani jinsi ya kuchagua plau ya theluji ya kufunga mbele ya pikapu. Maneno 1,200. Mteja anayataka kesho.

Theluji sijawahi kuigusa. Ninayoijua ni ile nyeupe kidogo ya Mlima Kenya, ambayo tunaionea mbali asubuhi zisizo na mawingu. Barafu ninayoijua ni ya kufyonza, ya kwenye karatasi, ambayo shuleni ilitupaka ulimi rangi. Lakini kazi ndiyo hiyo. Wiki iliyopita nilikuwa mtaalamu wa mabomba ya maji. Kabla ya hapo, mtaalamu wa chakula cha paka. Ukitembea kutoka Thika hadi Juja na Ruiru usiku, utaona madirisha mengi yenye mwanga wa laptopu, na wengi wetu ni wataalamu wa vitu ambavyo hatujawahi kuviona.

Niliacha chuo kikuu mwaka wa tatu. Karo ilikuwa inasumbua, nikaanza kuandikia watu mtandaoni ili nijisaidie, kisha muhula mmoja nikakosa kurudi. Baba alikuwa amechukua mkopo wa sacco kwa sababu yangu, na bado aliendelea kuulipa baada ya mimi kutoka. Hakunigombeza. Ila simu zetu zilibaki hivi: "Umekula?" "Nimekula." "Haya."

Baba ni dereva wa greda. Miaka mingi amesawazisha barabara za marramu, Gatanga, Kandara na huko kwingine wanakoitwa na makontrakta. Nikiwa shule ya upili niliandika kwenye fomu kwamba yeye ni "injinia". Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Jumapili moja nilienda nyumbani na ile kazi ya theluji. Nilikuwa nimekwama kwenye aya ya pembe za kisu. Kila makala niliyosoma ilisema kisu cha plau kiwekwe kwa mshazari, na mimi nilikuwa nageuzageuza maneno yao bila kuelewa sababu. Nikafungua video. Baba akapita nyuma yangu na kikombe cha chai, akasimama.

"Hiyo ni greda gani?"

"Si greda, Baba. Ni ya kuondoa theluji."

"Kisu ni kisu," akasema, akavuta kiti.

Kwa nusu saa alinifundisha zaidi ya intaneti nzima. Ukikiweka kisu kikiwa kimenyooka, mzigo unajaa mbele yako mpaka injini inalia, na mwisho unasimama. Ukikilaza kwa mshazari, mzigo unateleza kwenda pembeni na wewe unaendelea kutembea. Lakini pembeni unaacha tuta, na tuta ndilo huleta kesi. Kuna mama kule Kandara aliwahi kumfuata na jembe kwa sababu alimzibia lango na udongo. Nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kusoma malalamiko ya Wamarekani: mtu ameamka alfajiri, amepiga koleo akafungua njia ya gari lake, kisha plau ya barabarani inapita na kumfungia upya.

Nikamwonyesha pikapu ile. Akaangalia kisu kilivyoning'inia mbele. "Nyuma itakuwa nyepesi. Wanaweka nini nyuma?" Mifuko ya mchanga, Baba. Nikamweleza pia kwamba visu vingi vina springi, ili kikigonga kitu kigumu kilichofunikwa na theluji, kwa mfano kifuniko cha mtaro, kijikunje badala ya kumrusha dereva kwenye usukani. Hapo alinyamaza kidogo. Mwamba uliofichika ndio ulimvunja jino mwaka fulani. "Hao walimfikiria dereva," akasema.

Usiku huo nikamtumia rasimu binamu yangu aliyeko Minnesota. Mchana anatunza wazee kwenye nyumba yao. Wakati wa baridi anaamka saa tisa usiku kuondoa theluji kwenye maegesho ya maduka. Ndiye aliyenisimulia kwamba kule, tangu majira ya baridi ya 2020 na 2021, idara ya uchukuzi ya jimbo huwaacha wananchi wapige kura kuzipa plau majina. Moja ikaitwa Plowy McPlowFace. Nikamwambia huo ni utoto, akanikumbusha majina ya matatu za Thika Road. Nikanyamaza.

Safari hii hakuwa na utani. Alinitumia ujumbe wa sauti: "Msee, umeandika ati chumvi inayeyusha barafu, ukaachia hapo. Juzi huku ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Chumvi inakaa tu juu ya barafu kama kokoto. Mtu atakuamini, amwage, halafu mamake aanguke."

Akanieleza. Chumvi haina joto lolote. Inachofanya ni kushusha kiwango ambacho maji huganda. Maji matupu huganda kwenye sifuri. Maji yaliyokolezwa chumvi kwa asilimia 23 hivi huweza kukaa bila kuganda mpaka karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Hayo ni ya maabara. Barabarani, baridi ikishapita nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inakuwa goigoi. Watu wanahamia kloridi ya kalsiamu, au wanamwaga mchanga, ambao hauyeyushi kitu ila unasaidia tairi na viatu kushika. Kibaya zaidi ni ile barafu nyembamba isiyoonekana. Unadhani lami imelowa tu, mpaka gari linapoanza kujiendesha.

Nililala vibaya. Si kwa sababu nilikosea, mimi hukosea. Ni kwa sababu nilikuwa nimeandika sentensi ile nikiwa na uhakika kabisa, kwa sauti ya mtu aliyezeeka kwenye theluji. Senti moja ya dola kwa kila neno, na mahali fulani mama wa mtu anatoka mlangoni.

Nikaandika upya nusu ya makala. Mteja akajibu neno moja la kukubali, akalipa. Hakuona tofauti yoyote. Makala ikatoka na jina la mtu mwingine, kama kawaida.

Nilimtumia Baba mia tano kwa M-Pesa. Jumatano akapiga simu. Nikajiandaa kusema nimekula.

"Hicho kisu cha theluji," akaanza, "kinakwaruza lami kila siku. Makali yake yanaisha baada ya muda gani? Wanabadilisha kama sisi?"

"Sijui, Baba."

"Si uliandika?"

"Hiyo sikuandika."

"Uliza."

Nikamuuliza binamu. Ndiyo, yanaisha, na yanabadilishwa kwa boliti kama ya greda. Wengine hufunga ya mpira ili yasichimbe lami. Nikampigia Baba usiku huohuo nikamweleza yote, na tukaongea dakika kumi na nane. Nilitazama kwenye simu baadaye.