Ufunguo wa pili wa kasha

Katika kituo kimoja cha afya cha bonde la Ruzizi, jimbo la Kivu Kusini, mama mmoja aliyekimbia vita kutoka milimani alikuwa amefikisha siku ya 19 kwenye kitanda cha uzazi. Mtoto alikuwa mzima, naye mwenyewe alikuwa amepona. Kilichomzuia ni deni. Hakufungiwa kwa kufuli, lakini kila mtu hapo alijua kwamba hatoki kabla ya kulipa, na wakimbizi wenzake walikuwa wakimletea bugali na sombe kwa zamu.

Muuguzi mkuu wa kituo hicho, ambaye raia wanamwita titilere, si mtu mbaya. Wengi wanaomlaumu hawajui kazi yake ikoje. Shuleni alifundishwa kuzalisha, kudunga sindano na kutibu malaria. Siku alipopewa kituo alikabidhiwa pia kasha la pesa, ghala la dawa, wafanyakazi 9 na ripoti ya kila mwezi ya kupeleka kwenye ofisi ya zoni ya afya. Hakuna aliyekuwa amemfundisha namna ya kuongoza hayo yote. Na kati ya hao 9, wawili tu ndio wanaopata mshahara wa Serikali. Wengine hawana matrikile, wanaishi kwa kugawana kile wagonjwa wanacholipa. Mzazi akiondoka bila kulipa, mkunga aliyekesha naye usiku kucha anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kongo ina zoni za afya 519. Kila zoni imegawanyika katika maeneo ya afya, na kila eneo linapaswa kuwa na kamati ya raia inayoitwa kodesa, ili wananchi washike usimamizi wa dawa na pesa pamoja na wauguzi. Wazo hilo lilipata nguvu Afrika nzima baada ya mkutano wa Bamako wa mwaka 1987. Kwenye karatasi ni zuri. Katika kituo hiki rais wa kodesa alikuwa akiitwa mwisho wa mwezi kutia sahihi, anapewa soda, anarudi shambani.

Mwezi ule alikataa. Mzee huyo, mkulima wa mpunga, alikuwa amepita kwenye chumba cha wazazi akamkuta yule mama, akauliza anadaiwa kiasi gani na kwa nini. Jibu halikumridhisha. Akaomba kuona kitabu cha kasha. Titilere alikasirika sana, akaona anaitwa mwizi mbele ya wafanyakazi wake, na kwa siku mbili watu hao wawili, wanaosali kanisa moja, hawakusalimiana.

Kitabu kilipofunguliwa, dawa zilizotoka ghalani hazikulingana na pesa zilizoingia. Wizi mkubwa haukuonekana. Kulikuwa na mfanyakazi aliyekopeshwa, mafuta ya pikipiki ya kufuata chanjo, jamaa waliotibiwa bure, na hakuna lililoandikwa. Jambo lililowauma wajumbe zaidi ni bei. Mama wa kambini alidaiwa zaidi ya mwenyeji aliyezaa wiki ileile, kwa sababu bei haikuwa imeandikwa mahali popote. Kila mmoja alikuwa anapangiwa na aliyemkuta zamu.

Titilere alikuwa amewahi kwenda seminari ya uongozi. Siku tatu katika hoteli ya mjini, projekta, kalamu, perdiemu. Alirudi na cheti kizuri ambacho bado kiko ukutani. Ukweli usemwe: seminari za namna hiyo zimekuwa nyingi Kivu, na wengi wanaokwenda wanakumbuka perdiemu kuliko somo. Kilichomsaidia kilikuja baadaye, bila hoteli. Msimamizi kutoka ofisi ya zoni alifika kwa pikipiki, akakaa naye kutwa nzima mezani na rejista zake mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akaona ni wapi hesabu inapotea. Mwezi uliofuata alirudi kuangalia. Huko kurudi ndiko kulikokosekana miaka yote.

Mabadiliko yaliyofanyika ni ya kawaida kabisa. Bei ziliandikwa kwa chokaa kwenye ubao mlangoni. Kasha liliwekewa kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa titilere, wa pili kwa mweka hazina wa kodesa. Deni la mgonjwa linaandikwa katika daftari lake, na anaruhusiwa kwenda nyumbani. Mkutano unafanyika kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na mwanamke mmoja aliyechaguliwa na wakimbizi wenyewe anakaa humo. Si wote waliofurahi. Muuguzi mmoja aliyezoea kukopa kwenye kasha aliacha kazi, na dawa za malaria bado zinakatika, kwa kuwa kufuli mbili hazileti dawa.

Jambo hilo lilivuka ua hadi shule ya msingi ya jirani. Katiba ya mwaka 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni bure, lakini hilo lilianza kutekelezwa nchini kote Septemba 2019 tu. Watoto walijaa, na ile prime ambayo wazazi walikuwa wakiwalipa walimu tangu miaka ya 1990 ikasimama. Wakimbizi walipofika, walilala madarasani. Walimu wawili waliokuwa wakichukulia mshahara wao Bukavu walikwama benki za mji huo zilipofungwa mapema mwaka 2025. Direkta alikuwa tayari kuwafukuza wakimbizi wote, maana aliamini kuongoza ni kuamuru.

Kabla ya kufanya hivyo alikwenda kumuuliza yule mzee wa mpunga. Mzee alimwambia aite kamati ya wazazi, na wakimbizi walete wasemaji wao. Walibishana saa nne. Walikubaliana mikeka itolewe kabla ya kengele ya kwanza, wakimbizi wafagie, nao watoto wao waandikishwe bila kudaiwa karatasi zilizoungua milimani. Madarasa yamegawanywa, asubuhi na mchana. Bado watoto ni wengi kupita kiasi, na walimu wale wawili wanafundisha huku wakidaiwa na muuza duka.

Yule mama alitoka siku ya 20. Mtoto alipofikisha wiki sita alirudi kwa chanjo, akiwa na franka 3.000 alizopata kwa kupalilia mashamba ya watu. Mweka hazina alipokea, akaandika. Mama akaomba aoneshwe mstari wenye jina lake. Hajui kusoma, kwa hiyo binti yake mkubwa, anayesoma zamu ya mchana, ndiye aliyemsomea kiasi kilichobaki.