Msumeno Gani kwa Balamwezi?

Mama yetu alikuwa msukaji wa mikeka. Katika mkeka wake wa mwisho kuna mistari mitatu ya pembe tatu ndogo, nyeusi na nyeupe, zimefuatana kama meno. Sisi Watabwa tunaziita balamwezi, maana yake kutokea kwa mwezi mpya. Zamani pembe tatu hizo hazikuwa za mikeka na vikapu tu. Wazee walizichanja mwilini, wakazichora kwenye vitana na viti, na kwenye sanamu za watu. Sehemu ya vitu vile viliondoka kwetu mapema. Sanamu ya Lusinga, ambayo Storms aliichukua mwaka 1884 alipokuwa Mpala, iko mpaka leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na sisi wa Moba tunaiona kwa picha tu.

Mama hasuki tena. Anaugua ule ugonjwa wa presha ya jicho, na daktari alisema kilichokwisha kupotea hakitarudi, hata kwa kupasuliwa. Rangi hazioni, nyuso hazioni. Kilichobaki ni mwanga. Mlango wake unatazama ziwa, na asubuhi jua linapotoka upande wa Tanzania, tukifungua yeye anasema: «Kumekucha.» Mwaka jana alikuwa anasema hivyo hata kabla ya kufungua, kwa ule mwanga wa dirishani. Sasa hapana.

Ndipo tukapata wazo la kuweka juu ya mlango wake ubao uliotobolewa balamwezi, mistari mitatu kama ya mkeka, ili jua la asubuhi lipite ndani ya matundu. Haikuwa kazi ya kungojea miaka miwili. Huo mwanga wenyewe ulikuwa unapungua.

Tukiri kwanza kwamba kutoboa mbao namna hii si kazi ya babu zetu. Wao walichonga kwa tezo na kisu, wakakata juu ya mti bila kupenya upande wa pili. Nakshi za kupenya, zile zinazofanana na lesi ya kitambaa, ni za miji ya pwani zaidi. Aliyefika Zanzibar anajua jengo la Zahanati ya Kale, lililoanza kujengwa mwaka 1887, na mbao zake za barazani. Sisi tuliazima ufundi huo kwa ajili ya alama yetu. Kama kuna mzee atakayesema tumechanganya mambo, atakuwa na haki kidogo.

Kwa kutoboa, kisu hakitoshi, inahitajika msumeno mwembamba sana unaoweza kugeuka. Hapo ndipo makosa yetu yalipoanzia.

Zamu yetu ya likelemba ilikuwa imefika. Feza ile ilikuwa ya manjanja mbili za jikoni, na mama watoto alikuwa amekwisha kupima mahali. Lakini shemeji yetu alikuwa Lubumbashi, akatuambia kwa simu kwamba ameona mashini ya msumeno mwembamba ya umeme, iliyotumika kidogo, kwa dola 90. Tukafikiri: kwa mashini tutamaliza kwa siku mbili. Tukakubali. Mvua inaingia jikoni mpaka leo, na hilo tunaliandika hapa kwa sababu mwenye jiko atasoma kijitabu hiki.

Mashini yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa na mkono wa sentimita 40, maana yake unaweza kugeuza ubao mpana bila kugonga nyuma, na moto wake ulikuwa wati 90 tu. Tulidhani wati 90 ni kitu kidogo kwa umeme wetu wa jua. Kumbe kifaa chetu cha kugeuza umeme ni cha bei ya chini, na mota ya namna ile haikipendi: ilivuma, ikapata joto, ikazunguka kwa uchovu. Tukaenda kwa jirani mwenye grupe. Huko ilikata vizuri, lakini grupe ya wati elfu moja kulisha mashini ya wati 90 ni sawa na kukodi lori kupeleka barua. Tulichoma lita mbili za esansi kwa mchana mmoja. Na zaidi, mashini haikufungwa kwa bulonzi kwenye meza nzito, basi ilitembea mezani kama kuku.

Hayo yote tungeyavumilia. Kilichotushinda ni kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Waya wa meno wa mashini ile ulikuwa na kijiti cha chuma kila mwisho, kama herufi T, ambacho kinashikwa na ndoano ya mashini. Ni rahisi kuufunga, hata mtoto anaweza. Lakini ili kukata tundu katikati ya ubao, lazima kwanza utoboe shimo, upitishe waya, kisha uufunge. Waya wenye kijiti unataka shimo la milimita 6 hivi. Sasa pembe tatu za mama yetu zina sentimita moja kila upande. Chora pembe tatu hiyo kwenye daftari, uweke ndani yake duara ya milimita 6: inagusa kuta zote, inazipita. Yaani kabla msumeno haujaanza, balamwezi imekwisha kuliwa na shimo lake.

Mama alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. Akauliza: «Ile mashini iko inalia tu, njo inakata?» Tukamwambia inakata. Akasema: «Basi leta nishike.» Tukampa kile kipande cha kujaribia. Akapitisha kidole, akanyamaza, akaturudishia. «Hii ni matundu ya panya, baba.»

Tukapanda Kirungu kwa mjomba. Kwetu mjomba ni mtu wa kwanza kuulizwa, na tulikuwa tumeanza kwa kumruka, hilo nalo lilikuwa kosa. Alijifunza useremala kwa wazee waliofundishwa na wamisionari. Hakutugombeza. Aliingia ndani akatoa kitu kinachofanana na upinde wa chuma, chenye mshikio wa mti, na kina cha sentimita 30 kutoka waya mpaka mgongo. Akasema: «Mwipwa, bei ya msumeno si msumeno. Bei ni waya. Uliza kwanza: waya ukikatika, nitapata wapi mwingine?»

Upinde huo wengine wanauita bokfili, ingawa bokfili ya mafundi wa dhahabu ni fupi zaidi, haifiki katikati ya ubao mpana. Waya wake hauna kijiti. Ni mwembamba, wa sentimita 13, unabanwa na skurubu mbili tu, na unapita katika shimo la milimita 2. Hauchagui kiwanda, karibu kila upinde unaupokea. Dazeni moja inaingia ndani ya bahasha, na mtu anayetoka Kalemie kwa mashua anaweza kukuletea mfukoni. Zina namba: namba 2 ni nyembamba, namba 5 ina nguvu zaidi kwa mti mgumu. Kuna pia waya uliosokotwa, wenye meno pande zote. Unapendwa kwa sababu hauhitaji kugeuza ubao, lakini kwenye kona unaacha mviringo, na balamwezi bila kona si balamwezi.

Mjomba alitufundisha mambo ambayo muuzaji wa mashini hakusema. Meno yatazame chini, upande wa mshikio, ili kazi ifanyike unapovuta. Waya ukazwe mpaka ukiupiga kwa kidole ulie juu, kama ufunguo mdogo wa likembe. Ukilia chini, utapinda na kukatika. Ubao ulale juu ya kibao chenye pengo la V kilichobanwa kwenye meza, msumeno usimame wima palepale, mkono wa kushoto ndio ugeuze ubao. Kwenye kona usilazimishe. Kata mpaka ncha, rudi nyuma, uje kutoka upande mwingine. Na kila mara pitisha waya kwenye nta ya nyuki.

Juu ya mti tulibishana. Sisi tulitaka tripleksi, maana ni rahisi na tabaka zake zimepishana, haivunjiki kati ya matundu. Mjomba akasema mvua mbili na gundi itaachia. Akatoa kipande cha mvule cha kitanda cha zamani, akakipiga randa mpaka milimita 8. Mvule ulituadhibu: vijia vidogo kati ya pembe tatu vinakwenda kinyume na nyuzi za mti, na vitatu vya kwanza vilivunjika kama biskuti. Tukaongeza nafasi kati ya tundu na tundu, kutoka milimita 4 mpaka 8. Baadaye havikuvunjika tena, isipokuwa siku tuliyofanya kazi na hasira.

Hesabu yetu ni hii. Ubao una matundu 120. Jioni moja, baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi, tunakata nane, tukichoka sana sita. Waya mmoja unafanya kumi hivi kabla haujakatika. Dazeni moja kwa ubao mzima, basi. Kwa mtu wa kazi ya mara moja moja kama sisi, hakuna mashini ya dola 90 inayoshinda hiyo. Fundi wa kila siku, mwenye umeme wa hakika, ni jambo lingine: anunue mashini, lakini ahakikishe inabana waya usio na kijiti na mwendo wake unapunguzwa. Yetu iko chini ya kitanda. Mwenye kuitaka atuone.

Tulipomaliza mstari wa kwanza, matundu 40, tuliupeleka ubao kwa mama asubuhi, tukauinua mlangoni mbele ya jua, tukamwambia atazame. Alikaa kitambo kichwa kimeinuka. Hatujui aliona nini, na hatukuthubutu kumwuliza. Kisha akanyosha mikono, tukampa ubao. Vidole vyake vilitembea kutoka kushoto, tundu kwa tundu, midomo ikihesabu. Vikasimama.

«Hii ya kumi na saba,» akasema, «umeigeuza. Imeangalia chini.»

Tukatazama. Ilikuwa kweli. Mjomba anasema inawezekana kukata kipande pale na kuingiza kingine kwa gundi, kazi ya jioni mbili. Zimebaki waya saba, na mistari miwili mizima. Tumetuma mtu Kalemie.